SOMO LA MWEZI: JE, NYOTA NAZO HUFA?



Somo letu la mwezi huu limetokana na jambo lililotokea mtaani kwetu, na kwa ajili ya jambo hilo tumeona yafaa tuliandike kwa urefu kidogo kuliko desturi.

Mwezi wa Februari tulikuwa katika matanga ya mzee mmoja wa parishi yetu. Usiku wa pili, watu wakiwa wamekaa uani juu ya mikeka, kimondo kikubwa kilipita kutoka mashariki kwenda kusini, kikaangaza ua mzima, kisha kikazimika. Wote tukanyamaza. Ndipo mtu mmoja aliposema, "Nyota ya mtu imeanguka. Katika nyumba hii atafuata mwingine." Hakusema kwa nia mbaya, ndivyo alivyofundishwa na wakubwa wake. Lakini mjane wa marehemu, ambaye siku hizo alikuwa na homa, alikuwa amelala ndani karibu na dirisha, naye akasikia. Tangu usiku ule akakataa uji, akakataa na dawa.

Tulipokwenda kumtazama tulimwambia, "Bibi, kile si kitu." Akatuuliza, "Kama si kitu, wanangu, basi kilikuwa nini?" Tulikuwa wanne pale, wote tumesoma, wala hapana hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu sawasawa. Tuliona haya.

Basi tumetafuta vitabu, tumewauliza walimu wa sayansi, na tumekaa nje usiku mwingi pamoja na vijana wetu tukitazama juu. Tuliyojifunza twayaandika hapa, ili siku nyingine mtu akiulizwa swali kama lile awe na jibu.

KIMONDO SI NYOTA

Tuanze na kile kilichoonekana usiku wa matanga. Huko angani vipo vipande vingi vya mawe na vumbi vinavyolizunguka Jua, kama dunia yetu inavyolizunguka. Vingi ni vidogo kama chembe ya mchanga au punje ya mtama. Kipande kikikutana na dunia huingia katika hewa yetu kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde moja. Hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata moto mkali, na kipande huungua kikiwa juu kadiri ya kilomita 100. Huo mstari wa moto ndio tunaouona.

Kilomita 100 si umbali mkubwa. Ni kama mwendo wa kutoka Dar es Salaam mpaka Chalinze. Lakini nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, ukiliacha Jua, iko umbali wa kilomita milioni milioni 40. Kwa hiyo kimondo ni jambo la hapa hapa nyumbani, na nyota ni mambo ya mbali mno.

Mara chache kipande huwa kikubwa, kikafika chini bila kuungua chote. Wengi wetu tumesikia habari za Kimondo cha Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, ambacho ni pande la chuma lenye uzito wa kadiri ya tani 16. Miongoni mwa vimondo hicho ni kikubwa kweli, lakini kikiwekwa kando ya nyota si kitu. Jua letu lenyewe ni nyota, na upana wake ni kilomita 1,390,000. Ingebidi kupanga dunia 109 mstari mmoja ili zifike kutoka upande wake mmoja hadi wa pili. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuangukia paa la mtu.

Tena lipo jaribio ambalo hata mtoto aweza kulifanya. Jifunze kundi moja la nyota, ujue idadi yake. Ukiona kimondo kinapita karibu nalo, zihesabu tena. Utaziona zote zipo.

NYOTA NI NINI?

Nyota ni mpira mkubwa sana wa gesi, wenye moto mkali. Mwaka 1925 mwanamke mmoja Mwingereza, Cecilia Payne, aliyekuwa akisoma Marekani, alichunguza nuru ya nyota akaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa kabisa nyota ni haidrojeni na heliamu, gesi mbili zilizo nyepesi kuliko zote. Wakubwa wa elimu hiyo hawakumsadiki mara moja, lakini baada ya miaka michache walikubali kwamba alisema kweli.

Moto wa nyota si kama moto wa kuni. Katikati ya Jua kuna joto la nyuzi milioni 15 za Sentigredi, na kwa joto hilo haidrojeni hugandamizwa ikageuka kuwa heliamu. Kila sekunde Jua hugeuza kadiri ya tani milioni 600 za haidrojeni, na kati ya hizo tani kama milioni 4 hutoka kuwa nuru na joto.

Je, kwa nini nyota haipasuki, wala haijikunji ikawa ndogo? Fikirini sufuria yenye maji yanayochemka. Kifuniko kina uzito, chataka kushuka. Mvuke nao wakisukuma juu. Vivyo hivyo uzito wa nyota huvuta kila kitu chake kwenda ndani, na joto la katikati husukuma nje. Nguvu hizo mbili zikiwa sawa, nyota hutulia. Lakini kuni zikiisha chini ya sufuria, kifuniko hushuka. Haidrojeni nayo si ya milele; yaisha. Hapo ndipo mambo ya nyota hubadilika, nasi twaweza kusema inazeeka.

TWAJUAJE, KAMA MAISHA YETU NI MAFUPI?

Kijana mmoja alituuliza swali zuri: mtu huishi miaka sabini au themanini, na nyota huishi mamilioni, nani basi aliyekaa akaiona nyota ikizaliwa, ikizeeka, hata ikafa?

Jibu ni hili. Mgeni akiingia katika kanisa letu Jumapili moja tu, ataona watoto wachanga migongoni mwa mama zao, ataona watoto wa shule, vijana wa kwaya, wazazi, na wazee wenye fimbo. Hana haja ya kukaa nasi miaka themanini ili ajue kwamba watu huzaliwa, hukua na huzeeka. Vivyo hivyo na mbingu. Kila usiku nyota za umri wote zimo pamoja juu yetu, na kazi yetu ni kujifunza kuzitambua.

SAFARI YA USIKU MMOJA

Liko pande moja la mbingu ambalo latosha kutuonyesha karibu mambo yote haya. Ni pande la Kilimia na Orioni, ambazo wasomaji wa Biblia watazikumbuka katika Kitabu cha Ayubu na katika Amosi. Wakati mzuri ni mwezi wa Januari, Februari na mwanzo wa Machi. Katikati ya Februari, saa 2 usiku, toka nje utazame juu kabisa, karibu na utosi. Utaona nyota tatu zilizojipanga mstari ulionyoka, zenye nafasi sawa kati yake. Huo ndio mshipi wa Orioni, na kutoka hapo twaanza safari.

Kuzaliwa. Upande wa kusini wa mshipi, karibu sana, kuna nyota chache hafifu zilizoning'inia kama kisu. Tazama ile ya katikati. Utaona haikukazika kama nyota, bali ni kama alama ya kidole kwenye kioo. Hilo ni wingu la gesi na vumbi, na humo nyota zinazaliwa hata sasa. Wingu hujikusanya kwa uzito wake lenyewe, hukazana, hupata joto, hata katikati yake pakawaka. Liko umbali wa kadiri ya miaka 1,350 ya nuru. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru hupita kwa mwaka mmoja, yaani karibu kilomita milioni milioni 9 na nusu.

Utoto na ujana. Sasa fuata mstari wa mshipi kuelekea kaskazini-magharibi. Utakutana na nyota moja yenye rangi ya machungwa, nayo twaiacha kwanza. Ukiendelea mbele kidogo utaona kishada kidogo cha nyota zilizosongamana. Hicho ndicho Kilimia. Wenye macho ya kawaida huhesabu sita. Kwa darubini zimehesabiwa zaidi ya elfu. Zote zilizaliwa pamoja kutoka wingu moja, kama watoto wa tumbo moja, na umri wake ni kadiri ya miaka milioni 100. Kwa nyota huo ni utoto. Ziko mbali kadiri ya miaka 440 ya nuru. Basi nuru tunayoiona leo ilianza safari yake kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593.

Utu uzima. Rudi kwenye mshipi, ufuate mstari wake upande wa pili, kusini-mashariki. Utaona nyota inayong'aa kuliko zote mbinguni, jina lake Sirius. Inang'aa hivyo kwa kuwa ni jirani yetu, umbali wa miaka 8.6 tu ya nuru. Bado inaunguza haidrojeni yake kwa utulivu, kama lifanyavyo Jua.

Uzee. Ile nyota ya rangi ya machungwa tuliyoiacha njiani ni Aldebaran. Jina ni la Kiarabu, maana yake mwenye kufuata, kwa kuwa inafuata nyuma ya Kilimia. Haidrojeni ya katikati yake imekwisha. Nyota ikifika hapo, kiini chake hujikunja na kuzidi joto, bali sehemu za nje huvimba, zikapoa, zikawa nyekundu. Aldebaran imevimba hata upana wake ni zaidi ya mara 40 ya upana wa Jua. Angalieni rangi, maana rangi hueleza joto, kama wajuavyo wahunzi: chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kisha cheupe. Nyota nyekundu basi zina joto dogo kuliko nyota nyeupe na za samawati.

Uzee wa nyota kubwa. Upande wa kaskazini wa mshipi kuna nyota nyekundu iitwayo Betelgeuse, na upande wa kusini nyota ya samawati iitwayo Rigel. Uso wa Betelgeuse una joto la kadiri ya nyuzi 3,300, na wa Rigel kadiri ya nyuzi 12,000. Betelgeuse ni kubwa mno. Kama ingewekwa mahali pa Jua, ingeimeza dunia yetu pamoja na njia yake. Hata hivyo umri wake ni kadiri ya miaka milioni 10 tu, na tayari imezeeka. Hapa wengi hushangaa, maana tungedhani kwamba nyota yenye haidrojeni nyingi ndiyo itakayodumu. Lakini kumbukeni kandili: ukipandisha utambi sana, mwanga utakuwa mkubwa, na mafuta yataisha kabla ya usiku wa manane. Nyota kubwa huunguza kwa pupa. Nyota ndogo huunguza kidogo kidogo na kuishi muda mrefu mno.

Kati ya mwisho wa mwaka 2019 na Februari 2020 Betelgeuse ilififia sana, na watu wengi duniani waliingiwa na hofu au hamu ya kuiona ikipasuka. Miezi michache baadaye ikarudi kung'aa. Wachunguzi walieleza kwamba ilitoa gesi iliyopoa ikawa vumbi, na vumbi hilo likaifunika sehemu yake. Itapasuka siku moja, pengine katika miaka 100,000 ijayo, nayo iko mbali vya kutosha, haitatudhuru.

Kufa. Nyota hufa kwa namna mbili. Nyota kama Jua hufa kwa upole: hutupa gesi zake za nje, kikabaki kiini kidogo cheupe kinachopoa polepole. Kimoja cha namna hiyo kipo kando ya Sirius, ingawa macho matupu hayawezi kukiona; mtu wa kwanza kukiona kwa darubini alikuwa Alvan Graham Clark wa Marekani, mwaka 1862. Ukubwa wake ni kama wa dunia, lakini uzito wake ni kama wa Jua zima. Kijiko cha chai cha vitu vyake kingekuwa na uzito wa tani kadhaa.

Nyota kubwa hufa kwa kishindo. Huendelea kuunguza majivu yake yenyewe: heliamu hugeuka kuwa kaboni na oksijeni, na hizo kuwa vitu vizito zaidi, mpaka katikati pakawa chuma. Chuma hakitoi joto tena hata kikigandamizwa. Basi kifuniko hushuka ghafula. Kiini huanguka ndani kwa muda usiofika sekunde moja, na sehemu za nje hurushwa kwa nguvu kubwa. Mwezi wa Julai mwaka 1054 Wachina waliona nyota ngeni upande wa kaskazini wa Orioni, iking'aa hata mchana kwa siku 23. Leo mahali pale pana wingu liitwalo Kaa, linaloendelea kutanuka, na katikati yake kiini chenye upana wa kadiri ya kilomita 20, kinachozunguka mara 30 kwa kila sekunde. Hata katika siku zetu, Februari 1987, nyota ilipasuka upande wa kusini wa mbingu, ikaonekana kwa macho matupu.

JUA LETU JE?

Kijana mwingine alisema, "Kama Jua nalo litakufa, kwa nini tupande minazi?" Tulicheka, lakini swali lastahili jibu. Jua lina umri wa miaka milioni 4,600, nalo lina haidrojeni ya kutosha miaka mingine kadiri ya milioni 5,000. Linazidi kuwa kali polepole mno, na huenda baada ya miaka milioni 1,000 dunia ikawa na joto lisilofaa kwa viumbe. Mnazi huanza kuzaa kwa miaka sita au saba. Basi na tupande.

Lakini liko jambo jingine, nasi tuliona ndilo kubwa katika somo hili. Oksijeni tunayovuta, chokaa ya mifupa yetu, chuma kilichomo katika damu yetu, vyote vilifanyika ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua halijakuwapo. Kama nyota zile zisingalikufa, sisi tusingalikuwapo. Siku ya Jumatano ya Majivu tunapopakwa majivu katika paji la uso, tunakumbushwa kwamba sisi ni mavumbi. Elimu hii yatueleza mavumbi hayo yalitoka wapi. Kifo cha nyota si tangazo la kifo cha mtu ye yote. Ni katika kufa kwake ndipo vilipotoka vitu ambavyo miili yetu imefanywa kwavyo.

JINSI YA KUTAZAMA

Chagueni usiku usio na mbalamwezi. Zimeni taa ya barazani, mkae gizani dakika 20 hivi kabla ya kutazama, maana macho huchukua muda kuzoea. Mkihitaji tochi, ifungeni kitambaa chekundu. Lala chali juu ya mkeka, shingo haitauma. Darubini ya macho mawili, hata ndogo, itakuonyesha nyota nyingi za Kilimia na wingu la Orioni. Lakini asithubutu mtu kulitazama Jua kwa darubini, atapofuka. Kitu king'aacho bila kumetameta huenda ni sayari, kama Zuhura au Mshtarii, wala si nyota. Mwezi wa Mei, saa 3 usiku, tazameni kusini mpate kuuona Msalaba wa Kusini. Kila mmoja awe na daftari, aandike tarehe, saa na alichokiona.

Tena waulizeni wazee. Sisi tulimtoa bibi yule nje usiku mmoja, akiwa amejifunika shuka, tukamweka juu ya mkeka pamoja na vijana. Tulidhani tutamfundisha, kumbe Kilimia alikijua kuliko sisi, kwa kuwa baba yake alikuwa mkulima, naye alikitazama kila mwaka. Akatueleza kwamba kikizama jioni wakati wa masika, kitaonekana tena alfajiri mvua ikiwa imekwisha, na kwamba jina lake limetokana na kulima. Tulihakikisha katika vitabu, tukaona ni kweli: hupotea magharibi kwenye mwezi wa Mei na kutokea mashariki mwezi wa Juni.

Kisha tukamweleza habari za chembe ya mchanga inayoungua hewani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama juu muda mrefu, akihesabu kwa kidole. Akasema, "Kumbe zimo zote. Mimi nilidhani imepungua moja." Akaomba uji.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kimondo na nyota vinatofautianaje? Mweleze jirani yako kwa maneno yako mwenyewe.
2. Kwa nini nyota kubwa huishi muda mfupi kuliko nyota ndogo?
3. Toka nje usiku usio na mbalamwezi. Taja nyota moja nyekundu na moja ya samawati. Ipi ina joto zaidi?
4. Waulizeni wazee watatu wa mtaa wenu majina ya nyota wanayoyajua, na kazi gani ilifanywa kwa kuzifuata. Yaandikeni kabla hayajasahauliwa.
5. Katika msiba, mtu akisema neno la kutisha juu ya jambo asilolijua, yatupasa tufanye nini?